Bunduki ya kuwinda ya bei ndogo: mambo ya kujua kabla ya kutoa feza

Toka Lemera na Mulenge kule milimani mpaka Swima, Mboko na Fizi, mashamba ya muhogo na mahindi yana adui wa usiku. Nguruwe pori wanaingia, wanachimba, na asubuhi mwenye shamba anakuta kazi ya miezi imeisha. Kando ya Ruzizi na kando ya ziwa, kiboko naye anakuja kula. Kwa mkulima wa namna hii, kutafuta bunduki si mambo ya starehe, ni mambo ya chakula cha nyumbani. Ndiyo maana swali linarudi kila msimu: bunduki gani ya kuwinda iko ya bei ndogo?

Jibu fupi ni hili: bunduki yenye mtutu mmoja, laini, kalibri 12, iliyotoka kiwandani, yenye namba na karatasi zake. Zingine zinazouzwa kwa bei ya chini zaidi zipo, lakini deni lake linalipwa baadaye: kwa mkono, kwa jicho, kwa gereza, wakati mwingine kwa uhai. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Kwa bunduki, kinachovunjika si upishi tu.

Mtutu laini na mtutu wenye mifereji

Bunduki za kuwinda ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza ina mtutu wenye mifereji ndani. Mifereji hiyo inazungusha risasi, nayo inakwenda mbali na moja kwa moja. Ya pili ina mtutu laini kama bomba. Hiyo inatupa chembe nyingi kwa pamoja, na chembe zinatawanyika.

Mtu akisikia kwamba bunduki ya mifereji inafika mbali, anafikiri ndiyo bora. Lakini lazima aangalie mahali anapoishi. Hata risasi ndogo ya kalibri 22 inaweza kusafiri kilometa 1 na nusu kabla ya kuanguka. Kwenye vilima vyetu, nyuma ya kila kichaka kuna njia, kisima au nyumba ya mtu. Chembe ndogo za kalibri 12 zinaanguka baada ya mita 200 mpaka 300 hivi, na zinaua vizuri kanga, kwale au sungura wa pori mpaka mita 30 au 35 tu. Kwa nguruwe pori na mbawala, wawindaji wanatumia kartushi zenye chembe kubwa, zile wanazoita shevrotini. Hizo nazo hazitakiwi kupigwa mbali zaidi ya mita 30, maana mnyama anajeruhiwa, anakimbia na kufia mbali. Mwenye bunduki anakosa nyama na anakosa kartushi.

Kwa hiyo mtutu laini unamtaka mwindaji asogee karibu na aone vizuri anachopiga. Kwenye msitu na vichaka vya huku, umbali wa kupiga ni mfupi tu, kwa hiyo haipotezi kitu.

Namba 12 inatoka wapi?

Wengi wanafikiri 12 ni upana wa mtutu. Sivyo. Ni hesabu ya zamani: ukichukua ratili moja ya risasi, karibu gramu 453, ukaigawa katika mipira 12 iliyo sawa, mpira mmoja ndio unaingia kamili katika mtutu huo. Upana wake ni karibu milimeta 18 na nusu. Ndiyo sababu kalibri 16 na kalibri 20 ni nyembamba kuliko 12, hata kama namba ni kubwa.

Kwa mnunuzi, faida ya 12 ni kwamba ndiyo inajulikana zaidi, na kartushi zake zinapatikana kuliko za kalibri zingine. Bunduki ya bei ya chini yenye kartushi zisizopatikana ni fimbo ya kutembelea. Zile za mtutu mmoja zinazofunguka katikati, kama Baikal za Izhevsk kule Urusi, zilipata jina Afrika kwa sababu hazina mambo mengi: vyuma vichache, vya kuharibika vichache.

Jambo la kuangalia ni urefu wa chumba cha kartushi. Kwa kawaida umeandikwa kwenye mtutu: 65, 70 au 76, yaani milimeta. Kartushi ya 76 isiwekwe kamwe katika bunduki ya 70. Inaweza kuingia bila shida, na hapo ndipo hatari ilipo, maana ikipigwa haina nafasi ya kufunguka mbele, na nguvu inarudi kwa mpigaji.

Ile ya fundi wa kijiji

Bunduki ya kienyeji, ambayo sehemu nyingi za Kongo inaitwa pupu, ndiyo ya bei ya chini kuliko zote. Fundi anaitengeneza kwa vyuma alivyookota, hata bomba la maji. Inapiga mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Mwenyewe anaizoea.

Lakini hesabu ya nguvu inaonyesha kitu kingine. Gurudumu la gari la kawaida linajazwa upepo wa bari 2 au 2 na nusu. Mabomba mengi ya maji yanatengenezwa kuvumilia bari 10 mpaka 16. Kartushi ya kawaida ya kalibri 12 inaruhusiwa kufika bari 740. Viwanda vya bunduki vinajaribu kila mtutu kwa nguvu iliyo juu ya hiyo, kisha vinaupiga muhuri. Bomba la fundi halina muhuri, na chuma kinachochoka ndani hakionekani kwa macho. Siku kikipasuka, kinapasuka karibu na uso na mkono wa kushoto wa mpigaji.

Ile ya vita

Kuna na mwingine atakayesema: mbona AK inapatikana, hata kwa bei ya mbuzi wachache? Hiyo si bunduki ya kuwinda. Kongo ilikuwa kati ya nchi zilizotia sahihi Itifaki ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004, na itifaki hiyo inataka raia wakatazwe kabisa kuwa na bunduki za kujipiga zenyewe na zile zinazojijaza zenyewe. Hakuna karatasi inayoweza kuihalalisha mikononi mwa mkulima.

Na sheria si hatari peke yake. Katika teritwari za Uvira na Fizi, mahali ambapo vikundi vyenye silaha vimepita kwa miaka mingi, mtu anayekutwa porini na AK hana nafasi ya kueleza habari za muhogo wake. Anayemwona anamhesabu kama mpiganaji, awe mwanajeshi au mtu wa kikundi kingine.

Karatasi ni mbili, si moja

Hapa ndipo wengi wanapotea. Kuna kibali cha kuwa na silaha, kinachotoka katika sheria ya silaha na risasi ya tarehe 3 Septemba 1985. Na kuna kibali cha kuwinda, kinachotoka katika sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Sheria ya uwindaji ina vibali vya namna mbalimbali, pamoja na kibali cha kijijini, kwa hiyo mtu wa kawaida asidhani kwamba ni mambo ya wageni wenye dola tu. Mahali pa kuanzia kuuliza ni ofisi ya Mazingira ya teritwari. Neno la chifu lina heshima yake, lakini si kibali.

Bunduki ya mkono wa pili bila karatasi, au yenye namba iliyokwaruzwa, iachwe hata ikiwa mpya. Na ile inayosemekana iko rahisi ng'ambo, upande wa Bujumbura, ikivushwa Kavimvira au kwa mtumbwi bila ruhusa, inageuka biashara ya magendo ya silaha.

Wapi, mnyama gani, saa gani

Hata mwenye karatasi zote hapigi popote. Ndani ya maeneo yaliyohifadhiwa, sheria ya kulinda mazingira ya tarehe 11 Februari 2014 inakataza kuwinda na hata kuingiza silaha. Kwa watu wa huku, eneo la karibu ni Itombwe. Hifadhi hiyo iliundwa mwaka 2006 bila mipaka iliyoeleweka na wakaaji. Mazungumzo na vijiji yalichukua miaka, na mipaka ikawekwa mwaka 2016, pamoja na sehemu ambamo wenyeji wanaendelea na maisha yao. Mwindaji anapaswa kujua kijiji chake kiko sehemu gani kabla ya kubeba bunduki.

Sokwe na gorila wanaoishi Itombwe hawapigwi kwa kibali chochote cha kuwinda nyama. Kiboko naye si nyama ya yeyote mwenye bunduki. Anayevamia mashamba anatangazwa kwa wakubwa wa Mazingira, tena chembe za kalibri 12 zitamkasirisha tu, na kesho yake wavuvi ndio watamkuta majini. Sheria inatambua kujilinda mtu anapokuwa katika hatari ya kufa, lakini tukio litangazwe haraka.

Halafu kuna neno gumu kwa wakulima: kuwinda usiku kwa taa kunakatazwa, sawa na kuwinda kwa sumu au kwa moto. Nguruwe pori anakuja usiku. Yaani yule aliyetaka bunduki kwa ajili ya shamba anaweza kuipata, na karatasi zote juu, halafu asiweze kuitumia saa ile anayoihitaji. Mchana, kazi ya kumfukuza nguruwe katika kichaka chake inahitaji watu, mbwa na nyavu zaidi kuliko inavyohitaji bunduki, na hiyo Wabembe na Watwa wa milimani wanaijua tangu zamani.

Hesabu ya mwisho

Kwa hiyo mnunuzi asihesabu bei ya bunduki peke yake. Aweke pamoja vibali viwili, kartushi za mwaka mzima, mafuta ya kusafishia, na mahali pa kuifungia mbali na watoto, kartushi zikiwa pembeni. Kama ni ya mkono wa pili, ifunguliwe na kutazamwa ndani kukiwa na mwanga: mtutu usiwe na uvimbe wala ufa, ufungaji usicheze, nyundo isishuke kabla ya kuvutwa kilimio.

Jumla hiyo ilinganishwe na gharama ya walinzi wa zamu kati ya majirani watano au kumi, uzio wa miti, na mbwa wawili wazuri. Kwa mwindaji wa kweli anayepata nyama mchana, mahali panaporuhusiwa, mtutu mmoja wa kalibri 12 unaweza kujilipa. Kwa mkulima anayepigana na nguruwe wa usiku, mara nyingi jumla ya pili ndiyo ndogo, tena haimpeleki mbele ya polisi.