Anayemuuguza Mzee Nyumbani Alipwe

Mzee aliyepata kiharusi anaporuhusiwa kutoka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Songea, au ile ya Peramiho, ndugu hushusha pumzi wakidhani gharama kubwa zimekwisha. Kwa wengi ndiyo kwanza zinaanza. Aliyepooza asiyeweza kujigeuza anahitaji mtu wa kumgeuza kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, ili makalio na visigino visitoke vidonda. Anahitaji kulishwa taratibu asipaliwe, kuogeshwa, kubadilishwa pampasi, kunyooshwa viungo. Hali hiyo huchukua miezi, pengine miaka. Dawa za presha ni kipande kidogo tu cha hesabu hii.

Kwa upande wa tiba, msaada upo. Sera ya afya ya 2007 inampa mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo matibabu bila malipo katika vituo vya serikali. Kama hana kitambulisho cha matibabu, anzeni kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mstaafu aliyekuwa mwanachama wa Bima ya Afya ya Taifa huendelea kutibiwa yeye na mwenzi wake. Ila bima hiyo hailipi mshahara wa mtu wa kushinda na kukesha na mzee nyumbani Bombambili au Lizaboni, hapa Songea. Kwingineko matunzo yenyewe yamefikiriwa: Ujerumani ilianzisha bima ya matunzo mwaka 1995, Japani mwaka 2000. Zanzibar, tangu 2016, hutoa pensheni jamii kwa wenye miaka 70 na zaidi. Huku Bara mzigo wa matunzo umebaki kwa familia.

Na familia hugawanaje? Wa Dar es Salaam anatuma 50,000, wa Mbeya 30,000, na kila shilingi inaandikwa kwenye kundi la WhatsApp. Binti aliyeacha shamba lake la mahindi Namtumbo ili amuuguze baba haandikwi popote, wala mkwe aliyefunga genge lake. Husemwa tu kwamba yupo nyumbani. Hili linaniuma, kwa sababu huyo ndiye aliyechanga kuliko wote: msimu umempita, ada ya wanawe haina pa kutoka, na mgongo unamuuma kwa kumwinua mtu mzima kila siku.

Pa kuanzia hesabu ya malipo yake papo. Amri ya mishahara ya 2022 ilimwekea mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida kima cha chini cha 60,000 kwa mwezi akilala kwa mwajiri, na 120,000 asipolala hapo. Hicho ni kiwango cha chini, tena kwa kazi za kawaida za nyumbani. Mkiajiri mtu wa nje, ulizeni ofisi ya kazi kiwango cha sasa. Kubadilisha mpira wa mkojo na kusafisha kidonda mwachieni muuguzi, mkimlipa kwa kila ziara. Si lazima awepo kutwa.

Ndugu zangu, kaeni kikao kabla mzee hajatoka wodini. Mwombeni muuguzi amwoneshe mtakayemwachia mzee namna ya kumgeuza na kumlisha. Kisha andikeni jina la huyo mtu juu ya orodha ya michango, posho yake ya mwezi, na nani atampokea Jumapili ili apumzike.