Mpangilio wa Maarifa katika Vitabu vya Kufundishia Maktaba ya Klasi: Mfano wa MFC

Kitabu kinachofundisha kutayarisha programu za kompyuta za mezani kwa kutumia maktaba ya klasi hukabiliwa na swali moja kabla ya mengine: je, msomaji aonyeshwe kwanza kile ambacho maktaba inakificha, au aanze na maktaba yenyewe? Jibu lake huamua msomaji huyo ataweza kufanya nini siku programu yake itakapokwama. Swali hili hujitokeza waziwazi katika vitabu vya miaka ya 1990 kuhusu MFC, maktaba ya klasi za C++ ambayo Microsoft iliitoa mwaka 1992 kwa ajili ya programu za Windows. Neno klasi limeteuliwa hapa kwa makusudi, kwa kuwa darasa humrudisha msomaji shuleni na tabaka humpeleka kwenye sosholojia.

Programu ya Windows haitekelezwi kwa mfuatano kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Muda mwingi husubiri. Mtumiaji anapobofya kipanya, mfumo endeshi huweka ujumbe kwenye foleni. Programu huuchukua, huukabidhi kwa fanksheni ya dirisha husika, kisha hurudi kusubiri. Charles Petzold, katika Programming Windows, kitabu kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1988 na kufikia toleo la tano mwaka 1998, aliuweka mzunguko huo hadharani kwa lugha ya C. Msomaji huandika WinMain kwa mkono wake, huandika kitanzi kinachoita GetMessage na DispatchMessage, na kuishughulikia kila aina ya ujumbe ndani ya fanksheni ya dirisha. Makumi ya mistari huhitajika ili dirisha moja lenye salamu lionekane. Njia hiyo inachosha, lakini kila hatua inaonekana.

MFC huondoa sehemu kubwa ya kazi hiyo. WinMain imo ndani ya maktaba. Mwanafunzi huunda klasi inayorithi CWinApp, hutangaza kitu kimoja cha klasi hiyo nje ya fanksheni zote, na programu inaanza. Inaanzia wapi? C++ huunda vitu vya namna hiyo kabla WinMain haijaitwa. Kisha WinMain ya maktaba hukipata kitu hicho na kuita InitInstance yake. Asiyeelezwa jambo hili huunakili msimbo kama hirizi. Hali ni hiyo hiyo kwa ramani ya ujumbe, yaani makro zinazounganisha ujumbe na fanksheni. Lugha ya C++ tayari ina njia ya kuiwezesha klasi rithi kuandika upya fanksheni za klasi mzazi, lakini aina za ujumbe wa Windows ni nyingi mno. Kila klasi ingelazimika kubeba jedwali refu la anwani za fanksheni, hata zile isizozigusa, na kumbukumbu za kompyuta za wakati huo zilikuwa finyu.

Waandishi wa vitabu vya MFC waligawanyika hapo. David Kruglinski, ambaye kitabu chake Inside Visual C++ kilisomwa sana, alimfikisha msomaji mapema kwenye AppWizard, zana inayozalisha kiunzi cha programu nzima kwa kubofya mara chache. Jeff Prosise, katika Programming Windows with MFC, alianza na programu fupi iliyoandikwa kwa mkono, yenye klasi mbili tu, moja ya programu na nyingine ya dirisha. Muundo wa hati na mwonekano aliuacha hadi sehemu ya pili ya kitabu.

Tofauti hiyo si ya ladha tu. Mwanafunzi akichora duara pale kipanya kinapobofywa, katika Windows za miaka hiyo duara hilo hutoweka dirisha linapofunikwa na jingine kisha kufunuliwa. Aliyefundishwa kwamba mfumo hutuma ujumbe wa WM_PAINT na kutarajia programu ijichore upya, ataihifadhi nafasi ya duara na kulichora ndani ya OnPaint. Aliyeanzia kwenye kiunzi kilichozalishwa ana mafaili mengi mbele yake, na hajui kosa alitafute katika lipi.

Vilevile, vitabu vilivyotegemea zana vilichakaa pamoja na zana hizo. ClassWizard, iliyozoeleka katika Visual C++ 6.0 ya mwaka 1998, iliondolewa katika Visual Studio .NET ya mwaka 2002, na zana ya jina hilo ikarejea katika toleo la 2010. Kwa miaka hiyo yote, maelekezo ya kubofya hapa na pale yalimwelekeza msomaji kwenye dirisha ambalo halikuwepo, ilhali maelezo ya ramani ya ujumbe yalibaki sahihi.

Hata hivyo, mpangilio wa Prosise una gharama yake. Mtu anayehitaji programu ya kuhifadhi na kuchapa kumbukumbu za ofisi husoma kurasa nyingi kabla ya kuufikia muundo wa hati, wakati msomaji wa Kruglinski tayari ana menyu ya kufungua na kuhifadhi faili, ingawa hajui imetoka wapi. Msomaji wa aina hiyo ya pili alihitaji kitabu kingine, na George Shepherd na Scot Wingo walikiandika mwaka 1996: MFC Internals, kinachoichambua maktaba kupitia msimbo chanzo ambao Microsoft yenyewe iliusambaza pamoja na kikusanyaji chake.