Shamba Langu, Mto Wetu: Haki ya Kumiliki na Kanuni za Matumizi ya Ardhi



Ukishuka Mlima Kitonga kuelekea Morogoro, baridi ya nyanda za juu inaisha na unaingia katika bonde la joto na mibuyu. Hapo ndipo Ruaha Mbuyuni, kata ya Wilaya ya Kilolo iliyo mpakani mwa Mkoa wa Iringa. Wasafiri wa barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya wanaikumbuka kwa vitunguu vinavyouzwa kando ya lami. Vitunguu hivyo hutegemea umwagiliaji, kwa hiyo shamba lililo karibu na mto ndilo lenye thamani kubwa. Ndilo pia ambalo sheria imeliwekea mipaka mingi zaidi.

Linazuka swali ambalo waamini wengi wanaoishi kwa kilimo wanajiuliza: mkulima akikatazwa kulima shamba lake hadi ukingoni mwa mto, je, haki yake imevunjwa? Tutazame kwanza sheria inasema nini, kisha Kanisa linafundisha nini, na mwisho tuone namna ya kupima kama kanuni ni ya haki.

1. Mwanakijiji anamiliki nini?

Kwa mujibu wa sheria za ardhi za 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka huo, Halmashauri ya Kijiji inasimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini, si kama mwenye mali. Haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote waliotimiza miaka 18.

Wapo wanaosikia hayo wakadhani mwanakijiji ni mpangaji tu. Sivyo. Mwaka 1994, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Haiwezi kutwaliwa hivi hivi bila fidia. Sheria ya 1999 ikathibitisha kwamba haki ya kimila ina hadhi sawa na hati inayotolewa na Serikali. Basi mkulima wa vitunguu ana mali ya kweli mkononi.

2. Mipaka inatoka wapi?

Mipaka yenyewe ni mingi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli za kudumu au zile zinazoweza kuharibu mazingira ya mto huo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inasema maji ni ya umma. Anayeyachepusha kwa mfereji au pampu ili kumwagilia anahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 inakiwezesha kijiji kupanga wapi pa kulima, pa kuchungia, pa kujenga na pa kuhifadhi. Halmashauri ya Kijiji nayo inaweza kutunga sheria ndogo, ambazo huanza kutumika baada ya kuidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya.

Kwa nini yote haya? Mto wenyewe unajibu. Ruaha Mkuu unakusanya maji ya Usangu, mkoani Mbeya, unapita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, unaingia Bwawa la Mtera, unapita Ruaha Mbuyuni, kisha unafika Kidatu. Tangu 1993 sehemu yake iliyo ndani ya hifadhi imekuwa ikikauka wakati wa kiangazi. Mwaka 2006 Serikali iliwaondoa wafugaji wengi Usangu pamoja na mifugo yao, na 2008 eneo kubwa la huko likaingizwa katika hifadhi. Familia nyingi zilipata hasara. Funzo lake ni zito: pale ambapo watu hawakukubaliana mapema juu ya kanuni ndogo, amri kubwa huja baadaye.

3. Ugumu wenyewe: ekari moja

Hata hivyo tusilifanye jambo kuwa jepesi. Wakulima wetu hupima ekari kwa hatua 70 kwa 70, na upande mmoja hautofautiani sana na mita 60. Chukua mjane mwenye ekari moja inayoanzia ukingoni. Kanuni ya mita 60 ikitekelezwa neno kwa neno, karibu shamba lote linaondoka. Jirani yake mwenye ekari kumi zinazopanda kuelekea mlimani anapoteza kipande tu. Kanuni ni moja, lakini mmoja amepunguziwa na mwingine amenyang'anywa. Huko juu Kilolo na Mufindi, wanaolima vinyungu mabondeni wanaishi na shida hiyo hiyo.

4. Kanisa linafundisha nini?

Maandiko Matakatifu yanatufundisha pande zote mbili. Nabothi alikataa kumpa mfalme Ahabu shamba lake la mizabibu, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Akauawa kwa hila, na Mungu akamhukumu mfalme (1 Fal 21). Mamlaka si mmiliki wa kila kitu. Lakini Torati hiyo hiyo inamwamuru anayejenga nyumba aweke ukingo kwenye dari, mtu asianguke akafa (Kum 22:8). Nyumba ni yake, ila usalama wa mgeni unamhusu.

Mtakatifu Thomas wa Akwino aliona vema mtu awe na mali yake, kwa sababu tatu: kila mtu hutunza zaidi kilicho chake, kazi hufanyika kwa utaratibu, na amani hudumu. Lakini katika kuitumia, alisema, aihesabu kuwa ni kwa ajili ya wote na awe tayari kumgawia mhitaji. Papa Leo XIII aliitetea haki ya kumiliki katika Rerum Novarum, 1891. Papa Yohane Paulo II akafundisha kwamba mali binafsi hubeba deni la kijamii, na Papa Fransisko akalirudia hilo katika Laudato Si', 2015. Kanuni auni inaongeza: linaloweza kuamuliwa vizuri kijijini lisinyakuliwe na ngazi ya juu.

5. Vipimo vinne

Kutokana na hayo, tunapendekeza maswali manne kwa kila kanuni ya ardhi.

Kwanza, inamlinda nani? Lazima awepo jirani wa chini anayefaidika: anayekunywa, anayemwagilia, mtoto atakayerithi.

Pili, inawabana wote? Ikimgusa mjane na kumwacha mwenye pampu kubwa au shamba la kiongozi, si kanuni tena.

Tatu, ilipita njia halali? Ilijadiliwa katika Mkutano Mkuu, ikaandikwa kwenye muhtasari, ikaidhinishwa?

Nne, nani anabeba mzigo? Anayepunguziwa avumilie kwa ajili ya wengine. Anayepoteza karibu vyote apewe fidia, eneo mbadala, au nafasi ya kupanda miti ya matunda inayoshika ukingo, pale wataalamu wa mazingira wanaporidhia. Tuna mfano barabarani: Sheria ya Barabara ya 2007 ilipopanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, waliokuwa kihalali kati ya vipimo hivyo viwili waliwekewa alama ya X ya kijani, wakatambuliwa kuwa na haki ya fidia eneo likihitajika. Walioingia ndani ya mita 22.5 walipata X nyekundu.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tuhudhurie Mkutano Mkuu wa Kijiji kama tunavyohudhuria Jumuiya Ndogo Ndogo. Tuombe kusomewa muhtasari. Tusaidie wajane na vijana wapate hati za haki miliki ya kimila. Ugomvi ukitokea, tuanze na Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kazi yake ni kupatanisha. Na tunapofungua mfereji alfajiri, tukumbuke kwamba yupo anayeyasubiri maji hayo hayo chini yetu.