Damu Isiyokoma Baada ya Kung'oa Jino

Wagonjwa wengi wanaong'olewa jino asubuhi hupatwa na hofu jioni. Wametoka kliniki damu imekata, wamefika nyumbani salama, kisha baada ya saa mbili tatu mate yanaanza kuwa mekundu. Mtu anasukutua maji asafishe kinywa, anatema, damu inaongezeka. Anasukutua tena, inazidi. Ikifika usiku, beseni lina wekundu wa kutisha na nyumba nzima haina usingizi. Hofu hiyo ingeepukika mara nyingi kama mgonjwa angejua jambo moja kabla ya kuondoka kwa daktari: damu ya jino huzuiwa kwa kukandamiza bila kukatiza, na kusukutua na kutema ndiko kunakoirudisha.

Sababu iko ndani ya tundu lenyewe. Jino hushikiliwa katika mfupa wa taya na nyuzinyuzi zenye mishipa midogo ya damu. Likitoka, nyuzi hukatika, mishipa hubaki wazi na tundu hujaa damu. Mwili haungoji. Mishipa hujibana, chembe sahani hukusanyika na kunatana penye mkato, kisha protini za damu hufuma utando wa nyuzi unaozinasa chembe hizo na kuigeuza damu kuwa bonge. Kwa mtu mwenye afya, kazi hii huchukua dakika chache. Lakini bonge jipya ni kama udongo mbichi uliokandikwa ukutani: umeziba ufa, ila ukiuchokoza kabla haujashika, unabanduka.

Kidonda cha mkono tungekifunga bendeji tukakiacha. Cha mdomoni hakifungiki. Ulimi hukipapasa, chakula hukipitia, na mate yenyewe yana vimeng'enya vinavyosaidia kuyeyusha damu iliyoganda. Ndiyo maana saa 24 za kwanza ni za kulilinda bonge hilo kuliko kitu kingine chochote.

Pamba ya kung'ata

Shashi tunayompa mgonjwa ang'ate, ambayo wengi huiita pamba, haipo kwa ajili ya kunyonya damu tu. Kazi yake kubwa ni kubana. Iwekwe juu ya tundu lenyewe, si juu ya meno ya jirani, na ing'atwe kwa nguvu kwa dakika 30 za saa, si za kukadiria. Kama hakuna jino la upande wa pili la kuibana, ikunjwe iwe nene zaidi ili mgandamizo ufike chini. Katika muda huo usizungumze, wala usiitoe kila mara kuchungulia. Kila unapoitoa unaweza kung'oa bonge linaloanza kushika, na hesabu inaanza upya. Ni vizuri mgonjwa akae kliniki mpaka daktari ahakikishe damu imekata, ndipo apande daladala au bodaboda kurudi kwake.

Kwa nini basi damu irudi jioni? Dawa ya ganzi tunayochoma, mara nyingi lidokaini, huchanganywa na adrenalini kidogo ili ibane mishipa na ganzi idumu. Baada ya saa chache adrenalini huisha nguvu na mishipa hufunguka tena. Chai ya moto, kubeba ndoo ya maji au presha iliyopanda huongeza msukumo, na bonge lisiloshika vizuri huachia. Damu ya namna hii haina maana kwamba daktari alikosea, wala si dalili ya kifo.

Tambua pia lililo la kawaida. Mate yenye rangi ya waridi yanaweza kuendelea mpaka siku ya pili, kwa kuwa tone moja la damu hutosha kupaka rangi mate ya kinywa kizima. Kinachohitaji hatua ni damu nyekundu mbichi inayojaa mdomoni kila unapoimeza.

Ikianza tena nyumbani

Kaa wima, usilale. Futa taratibu kwa kitambaa safi damu iliyozagaa mdomoni. Kunja shashi safi, ilowanishe kidogo kwa maji safi ili isinatane na kidonda, iweke juu ya tundu na ung'ate kwa nguvu dakika 30. Kama huna shashi, kitambaa safi cha pamba kinafaa. Hata kifuko cha majani ya chai nyeusi, kikilowekwa kwenye maji kisha kikaachwa kipoe, kinasaidia, kwa sababu chai ina tanini, ambayo husaidia damu kuganda. Hata hivyo, kinachofanya kazi kubwa ni kule kubana.

Usiweke majivu, ugoro, unga wa kahawa wala sukari. Hilo ni tundu lililofunguka mpaka kwenye mfupa, na kuingiza vitu hivyo ni kualika vijidudu.

Kwa saa 24 usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinywe kwa mrija, usivute sigara, usitafune mirungi na usinywe pombe. Kula chakula laini kisicho cha moto, ukitafunia upande mwingine. Lala ukiwa umeinua kichwa kwa mito miwili. Kesho yake ndipo uanze kusukutua polepole kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi, hasa baada ya kula. Bonge likitoka mapema, hata kama damu haitarudi, mfupa hubaki mtupu na maumivu makali huanza siku chache baadaye. Wavutaji wa sigara hupatwa na hali hiyo zaidi.

Kwa maumivu, parasetamoli ndiyo salama kwa watu wazima wengi: vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, bila kuzidi vidonge 8 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa ini amuulize daktari kwanza. Usijinunulie aspirini, kwa kuwa huzizuia chembe sahani kufanya kazi yao, na athari yake hudumu kwa siku kadhaa.

Useme kabla ya kukaa kwenye kiti

Wapo wanaopaswa kujieleza mapema. Kama unatumia wafarini, klopidogreli au aspirini ya moyo, mwambie daktari wa meno, lakini usiache dawa kwa uamuzi wako. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta kiharusi au shambulio la moyo, madhara makubwa kuliko damu ya fizi, ambayo tunaweza kuizuia. Kwa anayetumia wafarini tutapima kwanza kasi ya damu kuganda. Mwenye ugonjwa wa ini aseme pia, maana protini nyingi za kugandisha damu hutengenezwa humo.

Taja na historia ya familia. Mtoto wa kiume aliyetoka damu kupita kiasi alipotahiriwa, mjomba aliyewahi kuvuja damu kwa siku kadhaa kwa jeraha dogo, dada anayepata hedhi nzito mno: hizi ni dalili za kuchunguza hemofilia au ugonjwa mwingine wa damu. Wengine hugundulika siku ya kung'olewa jino la kwanza, na hiyo ni siku mbaya ya kugundua.

Hospitalini tunazo njia zaidi: kushona fizi, kujaza tundu kwa sifongo ya jelatini, au kutumia asidi ya traneksamiki, dawa inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke. Iligunduliwa Japani na mtafiti Utako Okamoto na mumewe Shosuke, waliochapisha kazi yao mwaka 1962. Shashi iliyolowekwa katika dawa hiyo huweza kumaliza usiku mrefu wa mashaka.

Nenda hospitali bila kuchelewa, hata kama ni usiku wa manane, ikiwa umebana mara mbili kwa dakika 30 na damu bado inamiminika, ukisikia kizunguzungu au jasho la baridi, ukianza kutapika damu, au ukivimba chini ya ulimi au shingoni na kupata shida ya kumeza au kupumua. Damu inayoanza siku kadhaa baadaye, pamoja na harufu mbaya, mara nyingi huletwa na uambukizo. Usiishughulikie peke yako.

Na kwa sisi tunaong'oa: mgonjwa akitoka bila shashi za akiba, bila maelezo aliyoyaelewa na bila namba ya simu, kazi yetu haijaisha. Maelezo hayo yanachukua dakika tano, na anayeyahitaji zaidi ni yule anayeishi mbali na kituo cha afya.