Pedali zikikaribiana, chunga viatu vyako

Ndugu mfanyakazi, poste ya usiku imekwisha. Usiku mzima umeendesha kamyo kubwa ya mgodi. Mle ndani nafasi ya miguu ni kubwa, na bote zako za usalama hazigusi kitu usichotaka. Sasa unaingia katika motokari yako ndogo ya spoti, ile uliyonunua kwa jasho lako. Unakaa chini karibu na ardhi, miguu imenyooshwa mbele, na pedali tatu zimebanana kama watu ndani ya basi. Unaondoka. Mbele ya kambi watoto wanavuka kwenda shule. Unakanyaga freni. Lakini soli ya bote imekanyaga freni na akselerateri pamoja. Motokari haisimami pale ulipofikiri itasimama.

Jambo la namna hii linaweza kumpata shofere mzuri, asiyekunywa pombe, mwenye miaka mingi ya kazi. Tena halihusu motokari za spoti tu. Linahusu kila motokari ndogo yenye pedali za karibu karibu. Basi tuangalie linatoka wapi, na namna ya kujikinga.

KWA NINI PEDALI ZINABANANA?

Motokari ya spoti hutengenezwa fupi, nyembamba na nyepesi. Upande mmoja wa miguu yako kuna nyumba ya gurudumu la mbele. Upande mwingine, katika motokari nyingi za namna hiyo, kuna boksi la vitesi. Nafasi inayobaki katikati ni ndogo, na pedali zote tatu lazima zienee humo. Mfano unaojulikana ni Lotus Seven, motokari ya Mwingereza Colin Chapman iliyotoka mwaka 1957. Tangu mwaka 1973 kampuni ya Caterham imeendelea kuitengeneza. Wenye motokari hizo wanajua kwamba kiatu kipana hakifai mle ndani. Huvaa viatu vyembamba vya soli nyepesi.

Kuna sababu ya pili. Mashofere wa mashindano hupenda freni na akselerateri zikae karibu. Wanapofunga freni na kushusha vitesi kwa wakati mmoja, mguu wa kuume hukanyaga freni, na ukingo au kisigino cha mguu huo huo hugusa akselerateri kidogo, ili mzunguko wa injini ulingane na vitesi vipya. Huo ni ufundi wa uwanja wa mashindano. Wewe unayekwenda sokoni na bibi yako huuhitaji. Lakini pedali zimekwisha kupangwa hivyo, nawe lazima uzizoee.

MGUU UNA MAZOEA

Wazee walisema: mazoea yana taabu. Mguu hujifunza mahali pa freni, halafu huenda wenyewe bila kuuliza kichwa. Ukibadili motokari, mguu bado unatafuta freni ya motokari ya jana.

Huko Marekani, katika miaka ya 1980, watu wengi walilalamika kwamba motokari zao, hasa Audi 5000, ziliruka mbele zenyewe. Mwaka 1989 wachunguzi wa serikali walitoa ripoti yao. Waliona kwamba mara nyingi shofere alikanyaga akselerateri akiamini kabisa kwamba yuko juu ya freni. Walisema pia kwamba namna pedali zilivyopangwa inaweza kuchangia kosa hilo. Angalia hatari yake: mtu anayeamini kwamba anafunga freni, motokari ikizidi kukimbia, yeye huzidi kukanyaga.

Tena fikiri juu ya wakati. Kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa, motokari hupita meta 11 katika sekunde moja. Sekunde moja ya kutafuta freni inatosha kumfikia mtoto aliye mbele yako.

MAMBO SITA YA KUFANYA

1. Badili viatu. Bote ya usalama ina chuma mbele, soli nene, na ukingo uliotoka nje. Kazini ni mlinzi wako, usiivue hata siku moja. Lakini ndani ya motokari ndogo ni pana mno, nawe husikii vizuri unachokanyaga. Weka ndani ya motokari jozi ya viatu vyembamba vyenye soli isiyoteleza, vinavyoshika kisigino. Vivae ukifika kwenye motokari, nje ya eneo la kazi. Bote ziweke nyuma, si chini ya miguu yako. Sandali pia hazifai: hutoka mguuni na kunasa chini ya pedali.

2. Pima. Chukua meta, pima kiatu chako pale kilipo kipana zaidi. Halafu pima toka ukingo wa freni mpaka kitu cha kwanza kila upande. Ukiweka mguu katikati ya freni, soli isiguse akselerateri wala ambreyaji. Kama inagusa, kiatu hicho si cha motokari hiyo.

3. Panga kiti. Kanyaga ambreyaji mpaka mwisho: goti libaki limekunjika kidogo. Kisigino cha kuume kikae chini, mbele ya freni, ili mguu ugeuke tu kwenda kwenye akselerateri. Ukikaa mbali mno, mguu unafika umelala upande na kukanyaga vitu viwili.

4. Utafutie mguu wa kushoto mahali pake. Usiuache juu ya ambreyaji. Unaimaliza bure, na siku ya haraka mguu huo utakuwa njiani. Uweke chini, kando ya ambreyaji. Kama kando hakuna nafasi, uvute nyuma kuelekea kiti.

5. Safisha chini. Mwezi wa 8 mwaka 2009, karibu na mji wa San Diego huko Marekani, watu 4 wa jamaa moja walikufa ndani ya motokari aina ya Lexus. Tapi ya mpira iliyowekwa ndani haikuwa ya motokari ile, nayo ilinasa akselerateri. Tapi iwe ya kipimo cha motokari yako na ifungwe isitembee. Usiweke tapi juu ya tapi. Chupa tupu ikibingirika chini ya freni, freni haishuki.

6. Fanya mazoezi motokari ikiwa imesimama. Injini imezimwa, freni ya mkono imevutwa, macho mbele. Peleka mguu toka akselerateri mpaka freni mara 20. Kama ukingo wa kiatu unanasa chini ya freni hata mara moja, anza tena mambo haya toka la kwanza. Rudia kila ukitoka kwenye motokari nyingine. Hata kama usukani uko kuume, mpango wa pedali ni ule ule: ambreyaji kushoto, freni katikati, akselerateri kuume.

Usikate pedali wala kuichomelea mwenyewe nyuma ya nyumba. Mpelekee mekanisia anayejua kazi. Katika motokari nyingine pedali zinaweza kusogezwa kidogo, na mpira wa pedali uliolika hubadilishwa.

MOTOKARI IKIKIMBIA YENYEWE

Inua mguu wa kuume kabisa, halafu ukanyage freni upya kwa nguvu. Kama injini bado inavuta, kanyaga ambreyaji, rudisha vitesi katikati. Injini italia sana, iache ilie. Elekea pembeni, simama, ndipo uzime. Usichomoe ufunguo motokari ikitembea: usukani unaweza kujifunga, na freni inakuwa nzito.

NANYI WATU WA NYUMBANI

Mama, ukiona baba anaingia katika motokari na bote za mgodi, mkumbushe. Watoto, msiache mpira wala chupa upande wa shofere. Na kijana anayeomba ufunguo wa motokari ya baba, kwanza afanye yale mazoezi ya mara 20 mbele ya baba mwenyewe.

Kubadili viatu kunachukua dakika mbili. Mgodini tunakubali kuvaa kofia ya chuma kila siku, hata siku ambayo hakuna jiwe litakaloanguka. Tufanye vivyo hivyo barabarani. Kazi imekwisha salama; na safari ya kurudi nyumbani iishe salama.