Kivuli cha Charon

Tarehe 1 Septemba 2016, dakika kama saba baada ya saa sita mchana, kupatwa kwa jua kulifikia upeo wake mahali fulani kati ya Tunduru na Masasi. Katikati ya njia ya kivuli jua lilibaki pete. Mchana ulipooza Masasi na hata juu kule Newala, na chini ya mikorosho kila mwanya wa majani ulitupa ardhini picha ndogo ya jua lililomegwa.

Kumegwa kwa namna hiyo ndiko kulikowapa wanaastronomia baadhi ya ramani za mwanzo za Pluto.

Pluto ina kipenyo cha kilomita 2,377 tu, nayo iko mbali zaidi ya kilomita bilioni 4. Kwa darubini za kawaida ni nukta. Mwanga wa nukta hiyo hupanda na kushuka kila siku 6.4, muda inaotumia kujizungusha, kwa hiyo ilijulikana kwamba uso wake una madoa. Yako kaskazini au kusini? Nukta haisemi.

Mwaka 1978 James Christy aligundua mwezi wake, Charon, wenye upana wa karibu nusu ya Pluto. Kisha ikaja bahati kubwa: kati ya 1985 na 1990 njia ya Charon ilielekea kwetu ubavu, ukawa unapita mbele ya Pluto na kurudi nyuma yake, tena na tena. Ukifunika sehemu angavu, mwanga wa jumla hushuka sana. Ukifunika sehemu nyeusi, hushuka kidogo. Kila msimu ulikata uso mahali tofauti kidogo, na vipimo vyote vikiunganishwa, ramani inajitokeza. Nafasi hiyo haitarudi mpaka karne ijayo. Ningesema ni moja ya kazi za subira zilizonivutia kuliko zote katika sayansi ya anga.

Ila Pluto na Charon hutazamana uso kwa uso daima, hivyo kivuli kiligusa upande mmoja tu. Upande wa pili ulichorwa kwa mpando na mshuko wa mwanga, na kwa picha za darubini ya Hubble za mwaka 1994, zenye ukungu. Chombo cha New Horizons kilipopita tarehe 14 Julai 2015, eneo kubwa jeupe lenye barafu ya nitrojeni, lenye umbo la moyo, lilionekana upande huohuo ambao Charon haikuwahi kuufunika.