Nasaba ya Viumbe (2): Kamongo na Jamaa Zake

Mnunuzi asimamaye mbele ya meza ya samaki sokoni Bukoba, akawaona sangara, sato na kamongo wamelazwa ubavu kwa ubavu, huwahesabu wote watatu kuwa ukoo mmoja, na ng'ombe aliyetundikwa buchani kuwa mgeni kwao. Wala hatumlaumu, maana macho yake yameona mapezi. Lakini maulamaa wa elimu ya viumbe wamethibitisha kwamba kamongo, kwa nasaba, yu karibu zaidi na ng'ombe yule, na hata na mnunuzi mwenyewe, kuliko alivyo karibu na sangara. Juma lililopita tuliahidi kueleza njia waliyoipita hata wakafikia hukumu hiyo.

Kwetu Buhaya, watu wawili wasiojuana wakikutana Muleba hawapimani nyuso. Huulizana ukoo, na kila mmoja akataja muziro wake, yaani kile ambacho wahenga waliuharimishia ukoo wake, kwa sababu sura huweza kufanana kwa sadfa, ilhali muziro hurithiwa. (Jirani zetu Waganda wanao ukoo ambao mwiko wake ni kamongo huyu huyu.) Walakini si kila urithi ni ushahidi: lugha ya Kihaya tumeirithi sote, basi haiwezi kututenga ukoo kwa ukoo. Alama ifaayo ni ile iliyozuka katika tawi moja baada ya tawi hilo kuachana na mengine.

Mpasue kamongo, nawe utakuta mapafu mawili kamili, ambayo bila ya kupanda juu kuyajaza hewa hufa maji kama mtu. Msomaji atasema, huo ndio ushahidi! La, hasha. Mapafu ni urithi mkongwe wa samaki wenye mifupa, na kile kibofu cha hewa cha sangara, ambacho wachuuzi hukikausha wakakiuza ghali, ni pafu la kale lililogeuzwa kazi. Basi pafu ni kama Kihaya chetu. Muziro wa kamongo umo moyoni, ambamo damu itokayo mapafuni hurejea kwa mshipa wake yenyewe na kuingia upande wa kushoto wa chumba kilichokwisha kuanza kugawanyika, kama ilivyo kwetu. Mwaka 2013 wataalamu walilinganisha jeni 251 za wanyama mbalimbali, wakiwaweka jamii ya papa kando kama shahidi wa nje, ili ijulikane lipi la kale na lipi jipya. Kamongo akaonekana kuwa jamaa wa karibu kabisa wa wanyama wa miguu minne, akimtangulia hata silakanti, samaki wa kale ambaye hunaswa katika pwani yetu ya Tanzania.

Kwa furu wa Ziwa Viktoria kazi ilikuwa ngumu zaidi. Hao ni mamia ya aina, huyu ana meno ya kukwangua mwani, huyu taya za kuvunja konokono, huyu mdomo wa kuvizia wenzake, hata mtu angedhani kwamba wamekusanyika kutoka mito mbalimbali. Mwaka 1990 Axel Meyer na wenzake walisoma vinasaba vya aina 14, wakaona tofauti zao ni chache kuliko zilizopo baina ya wanadamu: yaani ni watoto wa juzi wa nyumba moja, na meno ni vazi tu. Kisha, mwaka 2017, uchunguzi mpana zaidi ulidhihirisha kwamba nyumba hiyo yenyewe ilizaliwa kwa ndoa ya koo mbili, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Naili, zilizozaana zamani. Kwa hiyo mti wa nasaba, ambao hadi hapo tuliuchora kwa matawi yanayoachana, una mahali ambapo matawi hurudi yakaungana.

Aina nyingi za furu zilitoweka sangara alipoenea ziwani miaka ya 1980, na nyingine zilipotea kabla nasaba yake haijasomwa. Basi nawasihi wavuvi wa Bumbire, Goziba na Kerebe: akiingia wavuni furu msiyemjua, msimtupe wala msimkaange, mpelekeni kwa ofisa uvuvi, pamoja na jina la mahali mlipomvua.